Gemu ya Marehemu Niliyoipeleka kwa Mhunzi

Mliosoma wiki iliyopita mnajua nilipowaachia. Juliana wa Jorodom kasimama mlangoni kwangu, mwanangu Hilaria kafunua kitambaa juu ya meza yake ya ufundi, na chini ya kitambaa hakuna kitu. Mimi niko jikoni nachambua maharage. Nachambua na najua.

Anayeanza leo nimweleze upesi. Jina langu Gaudensia, kwetu Dongobesh, niliolewa hapa Katesh na mume wangu alishafariki. Nilisoma hadi la saba. Hilaria ni mtoto wangu wa pekee. Kazi yake ni kutengeneza gemu za zamani, zile za kaseti na zile za sidii, na kompyuta kuukuu ambazo wengine wameshaziachia kuku watagie. Anazifungua, anazisafisha, nyingine anazibadilisha matumbo ili zikubali TV za siku hizi. Ameolewa na Alex, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Lakini mimba yake ya tatu ilipofika miezi minne nilimleta kwangu nimwangalie mwenyewe. Zile mbili za kwanza zilitoka.

Shika hilo la mimba. Kila ubaya nilioufanya unatoka hapo.

Gemu ya Juliana ilikuwa ya Marko, kijana wake, aliyechukuliwa na tope Desemba ile mlima uliposhuka. Mwili haukupatikana. Nyumba haikupatikana. Walipochimba walikuta hiyo gemu tu, imeshiba udongo mpaka kwenye matundu ya pedi za kuchezea. Juliana alikaa nayo miaka miwili kwenye mfuko wa mbolea, halafu akamletea mwanangu. Alisema iwake hata mara moja, aone kitu Marko alichokuwa anakitazama siku nzima.

Hilaria aliifanyia kazi wiki tatu. Mswaki, spiriti, kapasita mpya, bodi akaikwangua kutu taratibu kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Nyuma akatoboa, akaweka matundu ya zile waya za rangi, maana gemu yenyewe ilikuwa ya kuchomeka kwenye tundu la antena. Jumanne ikawaka. Jirani yangu Verediana alikuwepo, akauliza ni ya nani, akaambiwa. Tulipotoka nje akanivuta kanga.

"Huyo Juliana hajatolewa bado," akasema.

Wasio wa huku wasikilize. Kwetu sisi Wambulu, zamani, nyumba iliyofiwa na kijana ilikaa peke yake. Haikopeshi moto, haitoi chombo, haipokei chombo, mpaka wazee wamnyoe mama nywele na kumtoa, ndipo arudi kwa watu. Kitu cha nyumba hiyo kikiingia kwa mwenye mimba, mimba haikai. Siku hizi tunakwenda kanisani, ndiyo. Lakini maneno niliyoambiwa na bibi yangu nikiwa na miaka sita, padri hakuyakuta wazi ayafute. Yalikuwa chini kabisa.

Jumatano Hilaria akaenda kliniki. Mimi nikaifunga gemu kwenye kanga ya zamani, nikaipeleka Getanuwas kwa Gidahosh, mhunzi wa Kibarbaig. Bibi alisema moto wa mhunzi hauna mwiko, unakula kila kitu. Nikamwambia choma.

Hayo ya nyuma yameisha. Turudi mlangoni.

"Iko wapi?" Juliana akauliza.

"Ilikuwa hapa mama. Niliifunika mwenyewe."

"Juzi ulinipigia ukasema njoo, inawaka."

"Inawaka kweli."

"Basi nionyeshe inapowakia."

Hilaria akainama chini ya meza, akavuta boksi la waya, akavuta la pedi, akavuta la zile TV za kichogo zisizo na kichogo tena. Mimi bado nachambua maharage. Nilikuwa nimeyachambua mara mbili.

"Acha maigizo," Juliana akasema. "Mafundi nyote ni wale wale. Redio yangu ilikwenda kwa fundi ina sauti, ikarudi ganda tupu. Umeiuza. Nasikia Arusha kuna watu wanakusanya takataka za zamani, wanaweka kabatini kama sahani za harusi."

"Sijaiuza mama. Naapa."

"Usiape. Utaapa tu, subiri." Akanigeukia. "Mama Hilaria. Wewe unashinda hapa. Hukuona mtu akiingia?"

"Sikuona," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza. Ulitoka mwepesi, haukukwaruza hata koo.

Juliana akatingisha kichwa. "Sawa. Polisi siendi, polisi wataandika karatasi. Jumamosi nawaita wazee wa upande wa mume wangu pale kwa Mzee Sulle. Nitasema maneno yangu mbele ya kibuyu. Aliyechukua kitu cha mwanangu, nyumba yake isisikie mtoto akilia."

Maharage yakamwagika yote.

Hilaria akaweka mkono tumboni. Juliana akamwona.

"Nimesema aliyechukua," akasema. "Kama si wewe unashika tumbo la nini?"

Hapo ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema, "Lakini Mama Marko, wewe huwezi kuita wazee. Si bado uko ndani? Si hujatolewa?"

Juliana akafungua kilemba chake polepole. Nywele zilikuwa fupi, zimeota sawasawa, kama za mtu aliyenyolewa akaachwa zikue.

"Nilitolewa mwaka jana mwezi wa saba, kule kijijini Daudi, kwa kaka zangu. Mbuzi alichinjwa, misa ikasomwa, yote mawili. Nani alikuambia niko ndani?"

Hakuwa na mwiko. Gemu yake ilikuwa safi kama sufuria yangu.

Na Hilaria alikuwa ameacha kutafuta. Alikuwa amesimama katikati ya maboksi ananitazama.

Juliana hajafika barabarani mwanangu akafunga mlango.

"Mama, ni wewe?"

"Mimi nipeleke wapi chuma cha watu?"

"Nimekuuliza ni wewe."

"Hilaria, usinipandishie sauti, mimi si fundi mwenzako."

"Umejuaje habari za kutolewa? Mimi nakaa na huyo mama wiki tatu, naongea naye kila siku, sikuwaza habari za kutolewa. Wewe umewaza. Kwa nini?"

"Nimesikia tu kwa watu."

"Kwa Verediana." Akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza. "Mama, nisikilize vizuri. Zile mimba mbili zilitoka kwa sababu mlango wa kizazi ulikuwa unalegea. Daktari alisema mbele yako. Hii wamenishona. Nimeshonwa, mama, kwa uzi, na wewe bado unaogopa kaseti."

"Hakuna anayeogopa kaseti."

"Kama ni wewe niambie leo. Sitakasirika. Hata kama umeivunja. Ganda naweza kupata la nyingine, pedi ninazo. Bodi tu. Nikipata bodi yake, gemu ni ile ile, inasimama tena kabla ya Jumamosi na hakuna atakayemlaani mtu."

"Na nikikuambia si mimi?"

"Basi Jumamosi hiyo laana inasemwa kwenye nyumba hii. Mimi siamini. Wewe unaamini. Sasa pima mwenyewe."

Mama unayesoma hapa, mlango ulikuwa wazi. Mtoto wangu aliufungua kwa mikono miwili akanishikia. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Nikasema, "Si mimi."

Jioni nikamfuata Verediana kwenye ukuta wake.

"Uliniambia hajatolewa."

"Nilikuambia nilisikia hajatolewa."

"Hukusema ulisikia."

"Sasa wewe Gaudensia, mimi nina mwanga gani wa kujua nywele za watu zilizo chini ya kilemba? Nilisema neno tu. Sikusema beba kitu cha watu ukimbie nacho."

"Nani kasema nimebeba?"

Verediana akacheka kwa pua. "Katesh nzima ilikuona umepakatia kanga kwenye pikipiki kama umebeba mtoto. Mimi simo. Ukiitwa, jina langu usilitaje. Ukilitaja, na mimi nina yako."

Hivyo ndivyo rafiki wa miaka kumi na nne anavyokwisha.

Ijumaa asubuhi nikamwambia Hilaria naenda kusaga. Nikaenda Getanuwas. Gidahosh alikuwa ameketi mbele ya moto wake, anapiga bangili, mke wake anavuta viriba vya upepo. Nilimsalimia kwa mbali. Sisi Wambulu kwa mhunzi hatuingii ndani, na hata Wabarbaig wenzake hawaoi kwake. Alijua, hakunikaribisha.

"Mama wa kanga," akasema. "Umeleta nyingine?"

"Nimekuja kuichukua ile."

"Ile uliyosema choma?"

"Hiyo."

"Basi nimechoma." Akaendelea kupiga. "Ganda limeyeyuka, limenuka vibaya, mbuzi wamekohoa siku nzima. Mke wangu amenitukana. Waya nimetoa shaba, kidogo, haitoshi hata kidole cha mtoto. Siku nyingine ukitaka kumdhuru mtu, mpelekee mwenyewe uchafu wake, usilete kwangu."

"Si uchafu. Hakuna kitu cha ndani kilichobaki? Kibao cha kijani?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Hicho kilikataa kuyeyuka." Akanyoosha mguu, akasukuma kitu kutoka kwenye majivu.

Bodi. Kona moja imeungua, nyingine zote nzima. Kapasita mpya za Hilaria bado zimesimama, zimeelekea upande mmoja kama watu wanaosikiliza.

Nilipiga magoti kwenye majivu ya mhunzi, mimi mtu mzima, nikaiokota. Gidahosh akaniangalia.

"Nyinyi Wambulu," akasema. "Mnaona sisi tuna mikosi, halafu mnatuletea mikosi yenu tuichome. Kisha mnairudia mnaililia. Nenda zako mama."

Njiani nikapanga maneno. Nitaiweka chini ya boksi la waya. Hilaria akiipata atasema ilianguka, panya alivuta, Mungu anajua. Au nimpe mkononi nimwambie kweli. Kila nikifika kwenye "kweli," pikipiki inaruka shimo na maneno yananidondoka.

Nilipofika karibu na nyumbani nikasikia sauti za wanaume.

Nikapitia nyuma, upande wa choo. Nikachungulia kwenye upenyo. Mzee Sulle, kaka mkubwa wa mume wake Juliana, alikuwa ameketi kwenye kiti changu uani na vijana wawili wanatoa maboksi ya mwanangu nje. Juliana amesimama pembeni. Wanamwaga. Pedi, kaseti, skrubu ndogo ndogo ambazo Hilaria huzipanga kwenye vifuniko vya soda kwa mpangilio wa ukubwa, zote kwenye vumbi.

"Mtapata nini humo?" Hilaria alikuwa anasema. "Nimewaambia imepotea. Mnaharibu kazi za watu wengine."

"Tukikosa tutaomba radhi," Mzee Sulle akasema, anaangalia simu yake. "Mtu mwenye gemu kumi na saba za watu anashindwaje kuiba moja? Na mama yako yuko wapi?"

"Amekwenda kusaga."

"Akirudi tutampekua na yeye. Sina ubaya naye. Ni utaratibu."

Bodi ilikuwa kwapani mwangu, ndani ya kanga, bado ina joto la mhunzi au joto langu.

Nisiwadanganye. Sikufikiria mwanangu. Nilifikiria uso wangu. Nilifikiria Mzee Sulle akiifungua kanga mbele ya vijana wale, na Verediana akitazama juu ya ukuta. Nikaingia chooni. Nikasimama juu ya shimo.

Nilisikia ilipofika chini.

Nikatoka naosha mikono. Juliana peke yake ndiye aliyegeuka. Akanitazama, akatazama mlango wa choo, akatazama mikono yangu. Kisha akanisalimia kama mgeni.

Walinipekua. Hawakukuta kitu. Mzee Sulle akaomba radhi kama alivyoahidi, na akaondoka na kichomeo cha risasi cha Hilaria, kile cha kuungia waya, na spana zake ndogo, na ile mita ya kupimia umeme. Alisema vitakaa kwake mpaka Jumamosi. Hilaria hakulia. Alipiga magoti kwenye vumbi akaanza kuokota skrubu moja moja, tumbo linamzuia. Nilipoinama kumsaidia akasema, "Acha. Utazichanganya."

Jumamosi ilikuwa kwa Mzee Sulle, Jorodom. Viti vya plastiki vya kukodi, watu kama arobaini, wengine hata sijui walikuja kwa ukoo upi. Katekista alifika, akasema mambo haya ni ya giza, akaketi kiti cha mbele asikose kitu. Alex aliitwa kutoka Basotu, lakini kombaini ilikuwa imekwama shambani na bosi alikataa. Hilaria akaketi peke yake. Aliacha kiti kitupu kati yake na mimi.

Kibuyu kilikuwa chini, kina pombe ya mtama na asali. Mzee Sulle akazima simu, akasimama.

"Utaratibu ni mfupi," akasema. "Nitauliza mara tatu. Aliyechukua akisema kabla ya mara ya tatu kuisha, anatoa mbuzi na pombe, tunakunywa, tunarudi nyumbani, laana haisemwi. Asiposema, Mama Marko atasema yake. Yakishasemwa hatuna kamba ya kuyarudisha. Tumeelewana?"

Watu wakasema tumeelewana.

Mbuzi na pombe. Ndiyo bei yote. Mbuzi ninao wawili. Nawaandikia hili ili mama mwingine alione lilivyo dogo: mbuzi mmoja, na aibu ya mchana mmoja.

"Aliyechukua gemu ya Marko aseme."

Mtu akakohoa. Nikasema moyoni, nikisema sasa Hilaria atahama leo hii, ataenda kujifungulia kwa mama mkwe.

"Mara ya pili. Aliyechukua gemu ya Marko aseme."

Nikasema moyoni, mara ya tatu ikianza nitasimama. Nilikuwa nimeshashika miguu ya kiti. Naapa nilikuwa nimeshika.

"Mara ya tatu—"

"Ni mimi."

Si mimi niliyesema. Hilaria alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Nimeichukua mimi," akasema. "Niliiunguza nikiifanyia kazi. Niliogopa kusema. Nitatoa mbuzi."

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Sulle akaguna. Juliana alikuwa ananitazama mimi.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Anadanganya," nikasema. "Hakuunguza. Iliwaka, mimi niliiona ikiwaka. Ni mimi niliyeichukua."

Kuna mwanamke nyuma akacheka. Mzee Sulle akainua mkono.

"Mama Hilaria, keti. Mama gani asingesema hivyo? Hata mama yangu angesema hivyo, na mimi nilikuwa mwizi kweli."

Wakacheka wengi.

"Nasema kweli. Niliipeleka Getanuwas. Kwa mhunzi."

Kicheko kikazidi. "Wewe, mwenyekiti wa jumuiya, kwa mhunzi?" mtu akasema. "Ulikwenda kununua bangili?"

"Ilibaki bodi. Niliifuata jana."

"Iko wapi hiyo bodi?" Mzee Sulle akauliza.

"Niliitupa chooni."

Hapo hata katekista alicheka. Jamani, nilingoja siku nne kusema kweli, na nilipoisema ilikuwa na sura ya uongo wa kijinga kuliko uongo wangu wote.

Juliana hakucheka. Akanyamazisha watu kwa kiganja tu.

"Mimi namwamini," akasema. "Jana tuliambiwa amekwenda kusaga, akatokea chooni. Namwamini. Nataka kumwuliza kitu kimoja. Kwa nini kwa mhunzi?"

Nikainama kuinua kiti changu.

"Si uliniuliza mlangoni kama nimetolewa? Jibu basi. Kwa nini kwa mhunzi?"

"Niliogopa kwa ajili ya mimba," nikasema. "Nilidhani uko ndani bado. Nilidhani kitu cha... kitu chako..."

"Sema. Kitu cha maiti. Kitu kinachoua." Sauti yake haikupanda. "Cha Marko wangu nilichobakiwa nacho kilienea kwenye mikono miwili. Sina kaburi. Nilimpa mwanao akioshe, akakiosha vizuri, nilimbariki kila siku kwa kuosha kule. Na wewe ukakibeba kama kinyesi ukakipeleka kichomwe, na kilichobaki ukakitia kwenye kinyesi kweli."

"Nisamehe, Mama Marko."

"Ungekuwa mwizi ningekusamehe. Ungekuwa umeuza ukanunua unga ningekusamehe."

Mzee Sulle akakuna shingo. "Sasa tuna watu wawili na kitu kimoja. Kila mmoja anasema ni yeye peke yake. Mmoja anadanganya mbele ya kibuyu, na hilo ni baya kuliko wizi. Hapa hakuna mbuzi tena. Hapa wote wawili wanakunywa. Mkweli pombe itapita kama pombe. Mwongo, kibuyu kitamjua yeye na kilicho chake."

"Aanze nani?" mtu akauliza.

"Aanze mwenye mimba," Juliana akasema.

Nikaruka kile kiti kitupu, nikamshika Hilaria mkono. "Futa maneno yako. Sema ulidanganya. Sema sasa hivi mwanangu, kabla hawajakuletea."

"Nikifuta utabaki wewe peke yako," akasema taratibu.

"Nibaki."

"Wameshakucheka, mama. Bado kidogo watakupiga. Umewaona wale vijana wa jana?"

"Ukinywa umedanganya, utaipoteza."

"Hii mimba inashikiliwa na uzi, na daktari ameniambia nisisimame muda mrefu. Nataka tu nikakae." Akautoa mkono wangu kwenye wake, kidole kimoja kimoja. "Anayeamini kati yetu ni wewe. Mimi nanywa pombe ya mtama."

"Hilaria."

"Niliuliza mara ngapi, mama? Nilikuuliza Alhamisi. Nilikuomba bodi tu."

Kijana akanisogeza nyuma, akaleta kibuyu. Akakipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapiga goti kidogo kwa heshima ya wazee. Akanywa mara tatu. Nilihesabu koo lake. Hakukunja uso. Akafuta mdomo kwa kanga, akaja mpaka nilipo, akaniwekea kibuyu mkononi.

"Zamu yako," akasema.

Akageuka kurudi kwenye kiti chake. Hatua nne. Watu wote wanamtazama yeye, hakuna anayenitazama mimi. Alipofika hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akavuta pumzi kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Ni nini?" Juliana akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Magoti ya Hilaria yakaanza kukunjika.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale na kibuyu, bado kina nusu, na Mzee Sulle ananiambia, kunywa.